Nani Atakumbuka Walikuwa Wangapi

Bwawa la viboko la hifadhi ya Mikumi halina mashua. Mto Mkata si mto wa kubeba mashua: masika hufurika na kutanda mbuga nzima, kiangazi hukatika na kubaki madimbwi, na wanyama wa upande ule hawana budi kuyafuata. Anayetaka kupanda boti na kupita karibu na mamba huenda Rufiji. Wenye uwezo zaidi huvuka bahari hadi Pantanal kule Brazili, wakashinda mtoni wakitafuta fisi maji wakubwa na jaguar. Mikumi unafika kwa gari, kilomita kama tano tu kutoka lango kuu, unashuka, unasimama ukingoni na kunyamaza. Mwanzo huoni kitu ila maji ya kahawia. Kisha masikio mawili yanapepea juu ya maji, pua inapuliza, na unatambua kwamba pale pote ulipokuwa unatazama pana viboko.

Nilikwenda pale siku iliyofuata arobaini ya mjomba wangu. Kisomo kilikuwa kimekwisha Kilosa, wageni wametawanyika, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na nyumba imebaki na ule ukimya unaoingia watu wakishamaliza kukuliwaza. Badala ya kupanda gari la Morogoro nikashika barabara inayopita kijiji cha Ulaya hadi Mikumi. Sikuwa na shughuli huko. Nilitaka kutazama alichokuwa akikitazama yeye.

Mjomba alikuwa mtu wa reli. Alikuwa kwenye genge la kukarabati njia katika tawi linalotoka Kilosa kwenda Kidatu kupitia Mikumi, reli iliyojengwa miaka ya 1960. Kazi yao ilikuwa kutembea juu ya mataruma na kukagua: kugonga, kukaza, kung'oa taruma lililochoka, kujaza kokoto pale mvua ilipozichukua. Abiria hupita na kusinzia. Mtu wa genge huipita nchi hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka, na kila kinachovuka reli kinavuka mbele ya macho yake. Alijua nyati hupendelea kuvukia wapi na nyani hukaa wapi kuota jua la asubuhi. Alijua mwezi ambao nyumbu wa Mkata huwa na ndama.

Tulipokuwa watoto tulikuwa tukimwomba atusimulie habari ya chai, naye hakuchoka kuisimulia. "Wanangu," alikuwa akisema, "tembo wakianza kuvuka, tulikuwa tunaliondoa toroli njiani, tunakoka moto, tunateleka birika, tunakunywa chai, tunaosha vikombe. Bado wanavuka." Hakuwahi kutaja idadi. Wingi wa tembo yeye aliupima kwa muda wa birika kuchemka na watu kunywa wakatosheka, na kwetu sisi kipimo hicho kilieleweka kuliko tarakimu yoyote tuliyofundishwa shuleni.

Alikuwa na namna yake ya kutazama, na ningependa niiandike hapa kwa sababu sijamwona mwingine akiifanya. Alianza na mstari wa majani, maji akayaacha mpaka mwisho. Hakumtafuta mnyama, alitafuta ndege. Yangeyange wakiwa wametulia juu ya nyasi, alisema, nyati wamelala chini yao na unaweza kuendelea na kazi. Yangeyange wakiruka wote kwa mkupuo, simama ulipo, weka nyundo chini, tazama upepo unatoka upande gani. Kiganja alikiweka juu ya nyusi hata siku za mawingu, na aligeuza shingo polepole sana, kushoto kwenda kulia, bila kuruka sehemu. Alipokuwa mgonjwa, siku zake za mwisho, alikuwa akikalishwa barazani, na nilimwona akiitazama barabara ya mtaa kwa namna ileile.

Kijana aliyenizungusha hifadhini ni hodari wa kazi yake. Simba aliyelala chini ya mti, ambaye mimi ningempita mara kumi, yeye alimwona kwa ncha ya mkia. Alinionyesha pofu mbali kwenye miguu ya vilima, mumbi wakitembea kwa miguu majanini kama watu walioagizwa mahali, furukombe juu ya tawi kavu, na mgongoni mwa kiboko aliyetoka majini akanionyesha ule utelezi mwekundu unaomkinga na jua. Alipenda anachokiona, na hilo halifundishwi. Mchana tukakuta tembo wakivuka njia ya vumbi kuelekea majini. Walikuwa kumi na mmoja pamoja na ndama wawili. Akazima injini, akanigeukia uso wote unacheka. "Mama, leo una bahati. Hili ni kundi kubwa."

Walikuwa wamekwisha vuka kabla mtu hajatafuta kiberiti.

Sikumsahihisha, kwa kuwa hakukosea. Kwa kipimo alichopewa na miaka yake, lile ni kundi kubwa, na furaha yake ilikuwa ya haki. Kipimo cha mjomba tulikizika Kilosa pamoja naye. Yeye na kijana huyu waliitazama mbuga moja, wakaupenda mto mmoja, na hawakupata kukutana hata kwa saa moja. Jambo hili ndilo lililonikaa kifuani siku ile na halijatoka: msiba wa mtu tunaujua na tunajua kuulia, lakini mtu yule akiondoka, vinakwenda naye vitu alivyoviona ambavyo havipo tena, na hivyo hakuna anayevilia kwa sababu hakuna aliyebaki anayejua vilikuwepo.

Mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha wanasayansi wa samaki huchukua hali ya bahari waliyoikuta mwanzoni mwa kazi yao kuwa ndiyo hali ya asili, kisha hupima upungufu kuanzia hapo. Anayefuata huanzia chini zaidi. Kwa mwendo huo bahari inaweza kumalizika na kila mtu akasema imepungua kidogo tu. Wavuvi wetu wa pwani hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia hayo, lakini nafurahi kwamba yameandikwa mahali.

Kwa tembo tuna bahati ya kuwa na watu waliohesabu kwa ndege. Mwaka 1976 tembo wa eneo la pori la akiba la Selous na Mikumi walikadiriwa kuwa 109,000 hivi. Hao ndio tembo wa birika la mjomba. Miaka kumi baadaye walikuwa kama nusu. Ilikuja Operesheni Uhai dhidi ya majangili mwaka 1989, na mwaka huohuo dunia ikapiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Tembo wakapumua, wakazaa, na mwaka 2006 makadirio yalikuwa yamepanda hadi karibu 70,000. Halafu likaja wimbi la pili la majangili, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta 13,084. Mwaka uliofuata UNESCO ikaiingiza Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kati ya 2009 na 2014 nchi nzima ilipoteza tembo zaidi ya 60,000. Kila nikizisoma namba hizi najiuliza tulikuwa tunafanya nini miaka ile, na jibu ni kwamba tulikuwa tunaishi kama kawaida: tukienda kazini, tukioa na kuolewa, tukipita Mikumi kwa basi na kuchungulia dirishani. Tulimwona tembo mmoja, tukaridhika kwamba wapo.

Faru hakutajwa kabisa siku ile, si na mwongozaji wala na wageni wa magari mengine waliokuwa wakiulizana wameona nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa na faru weusi kwa maelfu. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990 walikuwa hawafiki mia moja. Mjomba alimwona faru akiwa kazini, akapanda mti, akakaa juu mpaka jioni. Kisa hicho alikisimulia kwa kucheka. Leo kinasikika kama hadithi ya zamani za kale, na aliyepanda mti ule ni mtu niliyemshika mkono.

Sisi tuna utaratibu mzuri wa kufiwa. Kuna mkeka, kuna turubai, kuna wanawake wanaofika na mchele bila kuitwa, kuna kisomo, kuna arobaini, kuna eda kwa mjane. Kila hatua inamwambia mfiwa kwamba kilichotokea kimetokea kweli na watu wamekiona. Nimekuja kuamini kwamba hiyo ndiyo kazi kubwa ya matanga, kushuhudia, kisha faraja ifuate. Mto unapofiwa hauna hata mkeka mmoja.

Mara moja ninayoifahamu, watu walitoka rasmi kwenda kushuhudia. Mwishoni mwa mwaka 2006 wanasayansi walisafiri kwa meli kwenye mto Yangtze, China, kwa wiki sita, macho majini na vinasa sauti chini ya maji, wakimtafuta pomboo mweupe wa mto ule aitwaye baiji. Waliupita mto kwenda na kurudi. Hawakuona hata mmoja. Nafikiria zaidi siku zao za katikati kuliko tangazo lililofuata: asubuhi ile ambayo bado wana tumaini, zamu inapokewa, mtu anapewa darubini, anatazama, anaandika sifuri kwenye fomu na kumpa mwenzake. Yule aliyeandika sifuri alifanya kazi ya heshima. Bila yeye baiji angeendelea kuwepo kwenye vitabu vya watoto huku mto ukiwa mtupu.

Na kwetu, hapa hapa kwenye milima ya Udzungwa, chura wa Kihansi nusura apite bila hata sifuri. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, chura wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita tatu, anayezaa badala ya kutaga mayai, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 mtambo wa umeme ukachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia, lakini mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu ukaingia, na ilipofika 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2012 watoto na wajukuu zao wakaanza kurudishwa korongoni. Fikiria kama mtambo ungejengwa miaka mitano kabla ya mtu kumwona chura yule. Angekwisha bila jina, nasi tungekuwa tumewasha taa.

Sisemi umeme haukutakiwa. Wala sisemi mkulima wa Kilosa anayekesha shambani na debe la kugonga awapende tembo kuliko mahindi yake. Anayepoteza shamba kwa usiku mmoja ana msiba wake, na serikali yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa jamaa za aliyeuawa. Wengi hulalamika kwamba fedha hizo huchelewa na ni kidogo, nami naungana nao: mtu anayebeba gharama ya wanyama wa taifa zima astahili kulipwa haraka na kwa ukamilifu. Watu haohao ndio mashahidi tunaowahitaji. Mkulima wa kijiji cha Doma anajua kundi lilipita lini na likiwa na ndama wangapi kuliko mtu yeyote wa Dar es Salaam anayevaa fulana yenye picha ya tembo.

Barabara ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa kuwa pale hakuna anayegombea chochote ila dakika. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata hifadhi kwa kilomita kama 50. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama. Wakati wa kutoka tulikuta fungo amelala pembeni mwa lami. Kichwa kilikuwa kizima. Madoa ya ubavuni yalikuwa bado yanang'aa, na ukucha mmoja wa mbele ulikuwa umekwaruza lami alama fupi nyeupe, kumaanisha hakufa palepale. Lori lilipita, manyoya ya mkia yakapepea, likapita jingine. Kijana wangu alishuka, akamshika miguu, akamwondoa barabarani hadi majanini ili tai watakaomjia nao wasigongwe. Akanawa mikono kwa maji ya chupa. Hakusema kitu na mimi sikusema.

Kabla ya hapo, karibu na maji, alikuwa amenionyesha kinyesi cha tembo cha siku iliyotangulia. Alikivunja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na kokwa la mkumi, gumu, na nyuzi zake zimesuguliwa hadi kuwa laini. Mikumi ndiyo mitende mirefu iliyoipa hifadhi jina, na tembo humeza matunda yake na kuyaangusha mbali na mti mama. Mti wenyewe huchukua miaka mingi kukua. Nikaitazama mikumi iliyosimama uwandani siku ile, nikawaza kwamba baadhi yake ilipandwa na tembo wale waliowafanya watu wa genge wanywe chai hadi waoshe vikombe. Kundi lile limekwisha, na lilichokipanda ndicho kivuli cha kundi hili la kumi na mmoja.

Nina jambo moja ambalo bado siwezi kulizungumza kwa utulivu. Mjomba alikuwa na picha. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, kona moja imekunjika. Ndani yake walisimama watu wa genge lake kando ya toroli, kofia mkononi, wamejikaza kama watu wa enzi ile walivyojikaza mbele ya kamera. Nyuma yao, juu kabisa ya picha, palikuwa na mstari wa madoa meusi ambao mgeni angedhani ni uchafu uliobaki wakati wa kusafisha picha. Mjomba alikuwa akiufuata mstari ule kwa ukucha, kushoto kwenda kulia, na kusema, "Hawa ndio."

Picha ile ilikwenda na maji. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliufanya mto Mkondoa ubomoe tuta linaloulinda mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi, reli ya kati ikakatika, na watu wakaishi kwenye mahema. Katika hasara ile kubwa, picha moja haikuwa kitu, na mjomba mwenyewe hakuwahi kuilalamikia hata mara moja. Alilalamikia mbuzi wake na cherehani ya mkewe. Mimi ndiye ninayeililia, sasa, kwa kuchelewa kwa miaka yote hii. Mkondoa unashuka kutoka milima iliyopoteza misitu mingi, unabeba mchanga na udongo, unajaza mkondo wake mwenyewe, kisha unatafuta njia nyingine. Kwa hiyo kilichokula tembo na kilichokula picha ya tembo si vitu viwili vilivyo mbali sana. Vyote vilianza siku ambayo mtu alichukua kidogo na kuona kwamba kilichobaki bado kinatosha.

Mtu akinisoma hadi hapa aweza kudhani nimerudi Mikumi nikiwa nimekata tamaa. Hapana. Viboko wamo. Mbuga ya Mkata bado ina nyumbu na pundamilia wa kumtosha mtoto asilale usiku kwa furaha. Ujangili wa tembo umepungua sana kulinganisha na miaka ile ya 2010 hadi 2013, na waliofanya kazi hiyo, askari waliolala porini na wengine waliokufa huko, wanastahili shukrani ambayo hatujawapa ipasavyo. Ndama wawili niliowaona wanaweza kuishi miaka 60. Ila ninakataa jambo moja, nalo ni kuwaambia watoto kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote. Tukiwaambia hivyo tutakuwa tumewanyang'anya hata haki ya kudai zaidi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, hasa wa Kilosa, Kimamba, Ulaya, Doma, Kidodi na Kidatu. Mnao wazee waliofanya kazi ya reli, walioendesha malori ya Zambia miaka ya 1970, waliochunga mifugo au kukata mkonge kabla vijiji havijafika vilipo. Wapo wachache, na wengine wameanza kusahau majina. Nendeni mkakae nao. Waulizeni ni mnyama gani waliyemwona mtoni ambaye hawamwoni tena, wapi, msimu gani, na kwa wingi upi, kisha muandike kwa maneno yao wenyewe bila kuyanyoosha. Mkishaandika, toeni nakala mbili: moja mpeleke shule ya kijiji, nyingine ofisi ya hifadhi, mkabidhi mkononi kwa kijana anayezungusha wageni. Fanyeni mwezi huu, wazee wangali wanazungumza.